Kufungua na Kufunga Upya Difu ya LSD ya Datsun 240Z: Mwongozo Kamili

Unatoka kwenye kona ya murram iliyoloa, unakanyaga mafuta, na gurudumu moja la nyuma linazunguka bure na kurusha matope huku jingine limetulia tuli. Kama 240Z yako ina difu ya kawaida (difu ni gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma), hayo ndiyo maumbile yake. Kama ina difu ya LSD (limited slip differential, yaani difu yenye klachi za kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure), ujue klachi zilizo ndani yake zimekwisha, au mtu alizifunga vibaya. Mwongozo huu ni wa hali hiyo ya pili.

Nimeichagua 240Z kwa sababu ni gari tunalolijua kwa vumbi lake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari hili, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews pembeni yake. Zilizosalia leo zinazidi kuadimika, na difu yake inastahili fundi asiyekuwa na haraka.

Nitakachokirudia mpaka mwisho ni hiki: difu hujengwa kwa vipimo, na vipimo muhimu zaidi ni vile unavyochukua kabla ya kufungua. Krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) zilizofanya kazi kimya kwa miaka mingi zimeshazoeana. Kazi yako ni kubadilisha klachi, kisha kurudisha kila kitu kingine mahali kilipokuwa.

Inavyofanya kazi

240Z ilitoka kiwandani na difu inayoitwa R180. Namba hiyo ni kipenyo cha krauni kwa milimita. Baadhi ya wenye magari wameweka R200 ya 280Z, ambayo ni kubwa na ina nguvu zaidi. Mpangilio wa klachi za LSD unafanana katika zote mbili, lakini ufungaji wa beringi za pembeni unatofautiana. Hapa nazungumzia R180.

Ndani ya kasha la LSD kuna gia mbili za pembeni, moja kwa kila gurudumu, na spaida (gia ndogo zinazoziunganisha) katikati zikiwa zimeshikwa na pini. Tofauti na difu ya kawaida, pini hizo hazijashikwa na kasha lenyewe. Zimekaa katikati ya ringi mbili nzito za chuma, na mahali pini inapokaa pamechongwa kama herufi V. Ukikanyaga mafuta, pini inasukuma miteremko ya ile V, ringi zinaachana, na kila ringi inabana rundo la pleti lililo upande wake. Katika rundo hilo kuna pleti za meno ya ndani, ambazo zinashika gia ya pembeni, na pleti za masikio, ambazo masikio yake yanaingia kwenye mifereji ya kasha. Zikibanana, magurudumu mawili yanalazimika kwenda pamoja.

Mteremko wa V ndio unaoamua ukali wa kubana. Ukuta uliosimama wima hausukumi ringi pembeni. Uliolala zaidi unasukuma kwa nguvu. Ndiyo maana V nyingine zina mteremko upande mmoja na ukuta upande wa pili: zinabana ukikanyaga mafuta na kuachia ukiondoa mguu. Juu ya hayo, kuna springi ya umbo la sahani inayobana pleti kidogo muda wote, hata gari likiwa limesimama. Mkazo huo wa mwanzo ndio tutakaoupima.

Kabla ya kushika spana

Anza na oili. LSD inayonguruma na kukwaruza kwenye kona kali za mwendo mdogo mara nyingi haijafa. Imewekewa oili isiyo na dawa ya LSD. Badilisha oili, endesha siku chache, kisha sikiliza tena. Nimeona watu wakilipia pleti mpya kwa tatizo ambalo lita moja ya oili sahihi ingelimaliza.

Kama tatizo bado lipo, pima mkazo gari likiwa zima. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari, weka gia niutro, achia hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma tu na uweke stendi. Chukua kipande cha bapa la chuma, toboa matundu mawili yaendane na stadi za gurudumu, na katikati kabisa chomelea nati kubwa. Kifunge kwenye stadi, weka torki renchi kwenye ile nati, uzungushe taratibu. Soma namba wakati gurudumu linaendelea kuzunguka, usisome ile ya mwanzo linapong'oka. Ukipata Nm 10 au pungufu, klachi zimekwisha. Mimi kwa gari la barabarani napenda kati ya Nm 40 na 60. Gari la mashindano linaweza kupita hapo, lakini litakusumbua mjini.

Kisha jambo la usalama ambalo halina mjadala. Gari lenye LSD likiwa na gurudumu moja juu, usiliwashe na kuingiza gia. Gurudumu lililo chini litapata nguvu na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Ama yote mawili ya nyuma yako juu ya stendi, ama injini imezimwa.

Kuishusha

Legeza kifuniko cha kujazia oili kwanza, kabla ya kile cha kumwagia. Ukimwaga oili halafu ukakuta cha kujazia kimeganda kwa kutu, gari limekwama gereji. Mwaga oili ikiwa ya moto na uikague. Ute wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kati ya vidole ni meno ya gia au vipande vya pleti.

Weka alama ya panchi kwenye flenji ya propela shafti na ya pinioni, na kwenye shafti za pembeni pia, kushoto na kulia. Ondoa bomba la ekzosi likikuzuia. Difu imeshikwa na mpira wa mbele na mhimili wa nyuma uliopinda kama masharubu. Weka jeki chini yake, na mtu wa pili aishike, kwa sababu uzito wake uko mbele na huelekea kupinduka bolti ya mwisho ikitoka. Mipira ikiwa imepasuka, ibadilishe sasa. Kishindo kingi kinachosingiziwa LSD hutoka kwenye mpira wa mbele.

Vipimo vya kwanza

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Osha nje kwa dizeli na brashi mpaka hakuna mchanga, ukaushe, ufungue mfuniko wa nyuma. Sasa usiondoe kitu kingine chochote.

Funga geji ya saa kwenye hauzingi (kasha la nje la difu), ncha yake iguse jino la krauni kwa pembe iliyonyooka. Shika pinioni isizunguke, tikisa krauni, soma pleyi, yaani nafasi inayobaki kati ya meno ya krauni na ya pinioni. Rudia sehemu nne za krauni. Kitabu cha R180 kinataka kati ya milimita 0.10 na 0.20. Ukipata 0.22 na difu ilikuwa kimya barabarani, iandike hiyo 0.22. Ndiyo namba ya gia zako.

Paka meno machache ya krauni rangi ya buluu ya mafundi, zungusha huku na huku ukizuia krauni kwa kipande cha mbao ili kuipa mzigo, kisha piga picha ya alama iliyobaki kwenye jino. Picha hiyo itakuokoa baadaye.

Kuitoa LSD

R180 ina vifuniko viwili vya pembeni vinavyoshikilia beringi, na chini ya kila kimoja kuna shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi. Kwanza ondoa bolti iliyo katikati ya kila flenji ya pembeni, vuta flenji, ndipo ufungue vifuniko. Usichanganye shimu za kushoto na za kulia. Usiziweke hata kwenye bakuli moja. Mimi natumia makopo mawili yaliyoandikwa kwa rangi, na kila shimu naipima kwa mikromita na kuiandika kabla haijaingia kopo.

Nasema hivi kwa sababu difu yangu ya kwanza niliifunga shimu zikiwa zimebadilishana pande. Pleyi ilikuwa imekwisha kabisa. Nilizungusha kwa mkono nikahisi uzito, nikajiambia ni beringi mpya. Kilomita arobaini baadaye ilikuwa ikilia kama king'ora, na krauni ilikuwa imepata rangi ya zambarau kwa joto. Seti ile ya gia haikurudi tena.

LSD ikitoka, ifunge kwenye vaisi yenye midomo laini. Nyoosha vishikio vya bolti za krauni, legeza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, kisha gonga krauni kwa nyundo ya plastiki kuizunguka mpaka iachie. Usiipige upande mmoja.

Weka alama ya panchi kwenye nusu mbili za kasha. Skrubu zinazoziunganisha zilegeze zamu kwa zamu, robo raundi kila moja, kwa sababu springi ya sahani inasukuma kutoka ndani. Ukitoa skrubu moja kabisa huku nyingine zimekaza, utaharibu nyuzi.

Kila kitu kwa mpangilio

Tandika katoni safi mezani, chora mstari katikati, andika KUSHOTO na KULIA. Toa kitu kimoja, kiweke, piga picha, toa kinachofuata. Springi ya sahani ina upande uliobonyea. Andika ulikuwa unatazama wapi. Ringi za kusukuma nazo zisibadilishwe pande, kwa sababu miteremko yake imezoeana na pini.

Seti moja iliyonifikia ilikuwa na mkazo mzuri kabisa kwenye torki renchi, lakini mwenye gari alilalamika kwamba haibani kwenye matope. Tulipofungua na kutandika, kijana ninayemfundisha kazi akaniita: "Mzee, mbona za masikio ziko mbili mbili?" Alikuwa sahihi. Aliyefungua kabla yetu alipanga pleti za masikio zikifuatana zenyewe kwa zenyewe, na za meno ya ndani hivyo hivyo. Pleti mbili za aina moja zikigusana zinazunguka pamoja, kwa hiyo hakuna msuguano kati yake. Rundo lilikuwa limejaa, springi ilikuwa inabana, lakini nyuso zinazosuguana zilikuwa nusu tu. Tulizipanga moja kwa moja, ya masikio kisha ya meno, bila kununua hata pleti moja, na gari lilipona.

Sasa utajua pia jinsi ya kupunguza ukali ukitaka: panga mbili za aina moja pamoja, pande zote mbili sawasawa. Lakini fanya hivyo kwa makusudi, uandike.

Kukagua

Osha kwa mafuta ya taa, kausha kwa hewa au kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha chunguza kimoja kimoja.

Pleti: pima unene sehemu nne kwa mikromita, ukilinganisha sehemu inayosuguana na sehemu isiyoguswa karibu na meno au masikio. Ikiwa imeliwa milimita 0.1 au zaidi, mimi naitupa. Ilaze juu ya kioo kinene na ujaribu kuingiza fila geji chini yake, iliyopinda hairudi. Rangi ya buluu maana yake iliungua. Iliyong'aa tu kama kioo, bila mikwaruzo wala tabaka la juu, unaweza kuisugua kwa msasa laini wa maji juu ya kioo, ukizungusha kama namba nane. Lakini pleti yenye tabaka la kijivu lililopuliziwa juu ya chuma usiiguse kwa msasa. Lile tabaka ndilo linalofanya kazi.

Kasha: pitisha ukucha ndani ya mifereji ya masikio. Kila ukucha unaponasa, masikio yamechimba kidonda, na pleti zitakwama hapo badala ya kuteleza kuelekea kubanana. Vidonda vidogo vinaondoka kwa tupa laini. Vikubwa vinahitaji kasha jingine.

Miteremko ya V na pini: itazame kwa tochi ya pembeni. Inayong'aa ni sawa. Yenye vishimo kama ngozi ya chungwa inaiharibu pini, na pini nayo inazidi kuiharibu miteremko. Spaida na gia za pembeni, angalia meno na splaini. Beringi za kasha, kama zina alama yoyote, zitoe kwa pula na uweke mpya; lakini zikiwa nzima ziache, kwa sababu beringi mpya inaweza kukubadilishia hesabu ya shimu.

Kuhusu spea: R180 pia imetumika kwenye Subaru Impreza STI, na sehemu zake zinapatikana mijini kwetu. Hiyo haimaanishi pleti zake zitaingia. Usinunue kwa jina. Chukua pleti yako ya zamani mkononi, hesabu meno, pima kipenyo na unene, ndipo utoe pesa.

Kufunga

Loweka pleti kwenye oili ile ile utakayoitumia, yenye dawa ya LSD, usiku kucha. Pleti zikifungwa kavu zitaungua katika dakika za kwanza.

Kabla ya kuzipanga, pima jumla ya unene wa rundo la kushoto na la kulia. Ziwe sawa, tofauti isizidi milimita 0.05. Hili ndilo jambo linalotenganisha kazi nzuri na kazi ya kukisia. Rundo moja likiwa nene zaidi, spaida zinasogea upande mmoja, na gia zinapishana vibaya. Badilishana pleti nene na nyembamba kati ya pande mbili mpaka hesabu ikae. Nimewahi kutumia saa nzima kwa hili peke yake na sijutii.

Panga kwa kufuata picha zako. Funga nusu za kasha kwa alama zake, kaza skrubu kwa zamu. Sasa bana flenji moja ya pembeni kwenye vaisi ikitazama juu, iweke LSD juu yake, ingiza flenji ya pili kutoka juu. Kile kipande cha bapa ulichotengeneza kitoboe matundu mengine yaendane na flenji. Acha kasha lizunguke lenyewe, zungusha flenji ya juu raundi kumi kwanza ili pleti zikae, ndipo upime kwa torki renchi. Mkazo ukiwa mdogo, weka pleti nene zaidi pande zote mbili. Ukiwa mkubwa mno, fanya kinyume. Kila badiliko lifanywe kushoto na kulia kwa kiasi kile kile. Pleti mpya zitalegea kidogo baada ya kukaa, kwa hiyo nafunga karibu na Nm 60.

Krauni: safisha uso wake na uso wa kasha mpaka hakuna hata unywele, kwani uchafu mdogo hapo unaifanya krauni iyumbe. Weka vishikio vipya au gundi ya nyuzi, kaza kwa msalaba kwa hatua tatu mpaka kipimo cha kitabu. Kisha zungusha huku geji ya saa ikiwa mgongoni mwa krauni. Ikiyumba zaidi ya 0.05 mimi naivua na kusafisha upya.

Rudisha LSD kwenye hauzingi na shimu zake zile zile. Weka sili mpya za pembeni na ringi za mpira za vifuniko. Pima pleyi. Ukirudi kwenye namba yako ya mwanzo, umekwisha. Kama pleyi imeongezeka, toa shimu upande wa mgongo wa krauni na uihamishie upande wa pili. Krauni itasogea kuelekea pinioni. Imepungua, fanya kinyume. Unahamisha tu, hauongezi wala hupunguzi jumla, ili mkazo wa beringi ubaki ule ule. Paka buluu tena na ulinganishe na picha. Alama ikikimbilia upande mwembamba wa jino, ulio ndani, krauni iko karibu mno. Ikikimbilia upande mnene wa nje, iko mbali mno. Pinioni haujaigusa, kwa hiyo usianze kuituhumu.

Funga mfuniko na gasketi mpya. Zibua kipumulio, kikiziba, presha itasukuma oili nje kupitia sili ulizoweka sasa hivi. Jaza oili GL-5 ya 80W-90 yenye dawa ya LSD, gari likiwa usawa, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia. R180 inachukua takribani lita moja.

Kuizoesha

Tafuta uwanja mpana, mkavu. Kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, endesha ukichora namba nane, raundi kumi hivi, usukani ukiwa karibu na mwisho. Simama, acha ipoe, rudia. Kukoroma kidogo mwanzoni ni kawaida na kunapungua kila mzunguko. Kukiongezeka, au ukisikia harufu ya oili inayoungua, simama ufungue.

Baada ya hapo endesha kawaida kilomita 500 bila kuburuza matairi. Mwaga oili ikiwa ya moto. Itakuwa nyeusi yenye unga laini wa chuma, na hilo halikutishi. Jaza mpya, inua gurudumu moja, funga lile bapa, pima tena. Yangu ya mwisho iliondoka mezani ikiwa na Nm 58 na baada ya kilomita hizo ilikuwa Nm 49. Niliiandika pamoja na tarehe kwenye kijitabu cha gari, chini ya pleyi ya 0.15, na mwenye gari akaja kulichukua asubuhi iliyofuata.